Treni ya Ndanu na Kengele ya Mbuzi

Wewe uliyeandikiwa sindano ya kila siku kwa miezi, nakuandikia wewe. Wazima wakitaka kusoma na wasome, lakini pole zao wabaki nazo. Mwaka wa 2012 nilipewa pole hadi nikachoka kuitikia. Nitakueleza nilivyougua TB sugu, nilivyojenga reli ndogo ya kuchezea juu ya meza nikimngoja mtoto wangu, na nilivyomdanganya nesi. Hilo la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu.

Mimi ni mtunza stoo wa ofisi ya maji, Kakuma. Nyumbani ni Makindu. Marehemu baba alikuwa mtu wa kugeuza njia za treni pale stesheni, na mimi nilikulia kwenye nyumba za reli, nikilala na kuamka kwa honi. Mume wangu, Mutua, ni mwalimu. Kazi ndiyo iliyotuleta Turkana wote wawili, na mtoto wetu wa pekee, Ndanu, akazaliwa huku huku. Alikuwa na miaka saba na hajawahi kuona treni hata moja.

Nilianza na TB ya kawaida, nikameza dawa zile miezi sita bila kuruka siku, na kikohozi kikabaki pale pale. Mwezi wa pili wakachukua makohozi mapya yapelekwe mbali kupimwa. Siku hiyo nikitoka kliniki nilipita soko la kambini, nikamkuta mama mmoja Mkongomani anauza mitumba ya vitu vya watoto. Mbele yake palikuwa na mfuko wa nailoni wenye kichwa cha treni cheusi, mabehewa mawili na vipande vya reli vya plastiki.

"Dada, iyi iko muzima kabisa," akaniambia. "Utie tu mapile."

Mapile ni betri. Nikanunua. Nilitaka Ndanu aone kazi ya babu yake, na nilitaka nirudi nyumbani na kitu mkononi kisichokuwa dawa.

Majibu yalirudi mwezi wa nne, na mvua. Sugu. Sindano kila siku isipokuwa Jumapili, kwa miezi minane, Lodwar, halafu vidonge mwaka mzima juu yake. Daktari alisema familia nzima ipimwe, madirisha yakae wazi, nami nivae barakoa. Mutua na Ndanu walipimwa, wakawa wazima. Mimi nikadhani mambo yamekwisha hapo. Kumbe mume wangu alikuwa amesikia mengine.

"Mama Ndanu, si mimi, ni daktari," akasema. "Mtoto aende kwa mama yangu Makindu."

"Daktari alisema madirisha."

"Wewe ungemweka mtoto wako hapa?"

Mpaka leo namchukia kwa swali lile. Walipoondoka nilisimama upande wa pili wa barabara na barakoa yangu kama mwizi. Ndanu akatoa kichwa dirishani, akaita kwa sauti yake ile nyembamba, "Mama, nitarudi lini?"

"Sindano zikiisha!" nikajibu.

Nilisema mbele ya watu, naye akaitikia kwa kichwa. Basi ikawa ahadi, na kila kilichofuata nilikipima kwa hiyo ahadi.

Lodwar nilipangishiwa chumba kimoja cha mabati karibu na kliniki. Mutua alibaki Kakuma na kazi yake, akawa anakuja mwisho wa mwezi, anakaa mlangoni, anaondoka kabla chai haijapoa. Mlango wa pili alikaa Akiru, mama wa Kiturkana aliyesuka vikapu vya makuti ya mkoma na kufuga mbuzi kumi na kitu. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu akaniangalia juu hadi chini. Nguo zilikuwa zinaning'inia, na pete ya ndoa nilikuwa nimeifunga uzi isianguke.

"Ejok," akanisalimia kwa Kiturkana.

"Ejok. Usikaribie, mama. Nina TB mbaya."

"Mimi iko na mbuzi ya kuchunga. Wewe ogopa yako, mimi naogopa yangu," akajibu, akakaa. Alikuwa wa kwanza kukaa karibu nami tangu mvua ianze.

Asubuhi benchi. Wewe utalijua benchi lako. Langu lilikuwa chini ya mabati, limechakaa katikati kwa makalio ya watu. Nikikaa mwanzoni, wenzangu wanasogea mwishoni. Vidonge vya kujaza kiganja, navimeza mbele ya nesi, natapika nyuma ya choo, narudi naambiwa nimeze tena. Kisha sindano. Nesi wetu aliitwa Ekai, kijana mrefu, mchovu, mikono yake mizuri. "Leo upande gani?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Mwezi wa pili wa sindano makalio yaliota mabonge magumu, nikawa nalala kifudifudi na kukaa nusu nusu. Ekai alinifundisha kukanda kwa kitambaa cha maji moto. Ushike huo ushauri, unasaidia kweli.

Saa tatu asubuhi nimemaliza, na siku nzima iko mbele yangu pamoja na joto lake. Ndipo nilipofungua ule mfuko wa treni.

Mwanzoni nilikuwa na makuu. Nilitaka kujenga Makindu nzima: stesheni, tangi la maji, njia ya pembeni ambapo baba alikuwa akisimama na bendera. Nilichora kwenye karatasi hadi kichwa kikauma. Kisha nikamwaga reli kitandani, nikazihesabu, nikajicheka. Vipande vya kupinda vilitosha duara moja, vya kunyooka vilikuwa vinne, kimoja kimevunjika. Basi njia moja ya mviringo, haina matawi. Mwenye nguvu kidogo ajenge kidogo. Ofisini walinitumia ubao wa kreti ya pampu, nikauweka juu ya meza, nikausukuma ukutani usichukue nafasi. Kumbuka hapo niliposema ukutani.

Sasa nikueleze ujinga wa mtu wa maji. Kwetu sisi kitu chochote kinachopita lazima kiwe na mteremko, la sivyo kinatuama. Mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, uliweka vipande vya mti chini ya miguu miwili ya meza. Na kushikiza reli nikatumia gundi ya mabomba, maana ndiyo gundi ninayoijua. Niligundisha kila kitu, nikajipongeza, ndipo nikatia betri.

Treni ikateremka mbio, ikafika bondeni, ikaanza kupanda, ikalia nyee, ikasimama. Nikaisukuma. Ikateremka, ikasimama. Akiru alikuwa mlangoni na kikapu chake.

"Hata punda inakataa hapo," akasema.

Nikatoa vipande vya mti, ubao ukalala sawa. Bado treni ikaruka njia. Kutazama vizuri, gundi ya mabomba haishikishi plastiki ile, inaiyeyusha. Maungio mawili yalikuwa yamekunjika kama mkate uliolowa. Nilikaa chini nikalia. Ndiyo, nililia kwa sababu ya reli ya mtoto, mimi niliyekuwa sijalia siku ya majibu. Akiru hakunipa pole. Alileta sindano ndefu ya kusukia, tukabandua vipande vilivyopona kimoja kimoja, yeye akatoboa ubao, mimi nikafunga reli kwa waya mwembamba. Hakuna gundi. Mpaka leo zimeshika. Kama unajenga yako, endesha kwanza, funga baadaye, na uache nafasi ya kufungua.

Duara likawa dogo, lakini likazunguka. Upande mmoja nikaandika Makindu, upande wa pili Lodwar. Kati yao hapakuwa na Nairobi wala Kitale, wala nauli, wala mama mkwe.

"Sasa hii gari inaenda wapi?" Akiru akauliza.

"Inazunguka tu."

"Maji iko wapi? Kitu haiwezi tembea siku mzima haina maji." Akaenda akaleta kifuniko cha chupa, akakitia maji, akakiweka katikati ya njia, kati ya Makindu na Lodwar. Kila asubuhi kimekauka, na kila asubuhi alikijaza.

Jumapili sikuwa na sindano, nilikuwa na simu. Ndanu alinipigia kwa simu ya bibi yake, aliyemwita Susu. Nyumba ya mama mkwe iko karibu na reli, na mwezi wa sita mtoto alikuwa ameshajua saa za treni za mizigo kuliko mkuu wa stesheni. "Mama, inakuja! Sikia!" Anainua simu juu, nami Lodwar nasikia honi, kisha mabehewa, gwa-gwa, gwa-gwa, kisha Ndanu anahema. "Umesikia?" Nilisikia, jamani. Nilisikia kila gurudumu.

Nami nikamwambia namjengea yake. "Ukirudi utaikuta."

"Sindano ngapi bado?"

Nikamwambia. Alikuwa ananihesabia.

Upepo wa vumbi ulipoanza, mwezi wa saba, masikio yalianza kupiga mluzi. Mwembamba, kama mbu aliyekataa kuondoka. Kila mwezi Ekai alikuwa na karatasi ya maswali. Unatapika? Miguu inawaka moto? Masikio yanalia? Wiki hiyo hiyo niliketi nyuma ya mzee mmoja aliyejibu ndiyo kwenye lile la masikio. Nikamsikia Ekai akimwambia, "Basi tusimamishe kwanza sindano, tuulize wakubwa." Yule mzee baadaye alikaa wiki kadhaa akisubiri jibu, na wiki zake hazikuhesabiwa.

Nikapiga hesabu yangu. Sindano zikisimama, mwisho wake unasogea. Mwisho ukisogea, Ndanu anasogea. Zamu yangu ikafika.

"Masikio yanalia?"

"Hapana."

Mwezi wa saba, hapana. Mwezi wa nane, hapana. Mwezi wa tisa, hapana. Na nilisema bila kupepesa macho.

Mambo yalibadilika polepole, nami nikawa na sababu ya kila kitu. Watu wa Lodwar wananong'ona. Mtandao wa simu ni mbovu. Magari ya hawa waliokuja kutafuta mafuta yana kelele. Jumapili moja Ndanu akasema kitu nikasikia upepo tu. Kisha nikajua ameinua simu, kwa sababu hata upepo ule ulinyamaza. Nilingoja. Gwa-gwa ilikuja kwa mbali, kutoka chini, lakini honi sikuipata.

Nikakisia kwamba ameuliza kama nimesikia. "Nimesikia!" nikasema. Tangu siku hiyo nikawa naomba kuongea na mama mkwe, ambaye sauti yake ni nzito, na mtoto nikamwachia salamu. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimngoja yeye!

Katikati ya mwezi wa tisa makohozi yangu yalitoka safi mara ya pili. Akiru akasema furaha lazima ipewe mnyama. Hakuwa na wa kuchinja, basi alimvua mbuzi wake mmoja kengele, kakengele kadogo ka bati, akaifunga nyuma ya behewa la mwisho. Akiru alikuwa akikaa ndani anasuka na kukwambia kila mbuzi yuko wapi, yupi amepotea kwenye miti, yupi anakunywa, kwa kengele tu. "Hii mbuzi yako ya chuma nayo ikuwe na kengele," akasema.

Nikawasha. Treni ikaondoka Makindu. Akiru akacheka, akapiga makofi, akaniangalia.

"Inalia mzuri, eeh?"

Mimi nilikuwa nimeinama, nangoja ianze.

"Bado," nikasema.

"Bado nini?"

Nikaiona kengele inarukaruka nyuma ya behewa, ulimi wake unagonga huku na huku. Akiru akaifungua, akaitikisa karibu na shavu langu, akaitikisa tena nyuma ya kichwa. Nilihisi kibaridi cha bati shingoni tu. Uso wake ukabadilika. Akazima treni, akakaa kitandani kwangu.

"Mama Ndanu. Tangu lini?"

Wahenga hawakukosea: mficha maradhi kilio humuumbua. Asubuhi Akiru alinishika mkono hadi kliniki, akapita benchi lote, akamwambia Ekai mbele ya watu, "Huyu hasikii kengele ya mbuzi."

Ekai alifungua faili. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza, Mama Ndanu. Nimeandika 'hapana' mara tatu kwa mkono wangu."

"Uliuliza ukiangalia karatasi."

"Na wewe ulijibu ukiniangalia mimi."

Alikuwa na haki na mimi nilikuwa na haki, na masikio hayakuwa na habari na haki ya mtu. Sindano hawakuzisimamisha, walinipunguzia zikawa tatu kwa wiki. Ndiyo, hilo tu. Nilikuwa nimeficha miezi mitatu kwa kuogopa kitu ambacho kwangu hakikutokea. Ekai alinieleza taratibu, akitamka kwa mdomo mpana, kwamba kilichokwenda hakirudi, na kwamba dawa hii huanza kwa kula sauti nyembamba. Hapo ndipo nilipoelewa. Lori nililisikia. Mutua nilimsikia. Sauti ya mume wangu niliachiwa, ya mwanangu ndiyo iliyochukuliwa.

Sindano ya mwisho nilidungwa mwezi wa kumi na mbili. Makohozi yalikuwa safi kwa miezi, na daktari aliandika barua kwamba siambukizi mtu. Nikamtumia Mutua ujumbe: mlete. Akajibu tungoje Krismasi ipite. Ikapita. Akajibu shule zimefunguliwa. Kisha akajibu, nani anasafiri na mtoto kabla ya uchaguzi wa Machi? Nchi nzima ilikuwa inasafiri! Uchaguzi ukaja, ukaenda, hakuna aliyeturushia hata jiwe, naye bado alikuwa anatafuta sababu. Mtoto wa watu alihesabu sindano hadi zikaisha, na hakuna aliyekuja kumchukua. Sikuwa na ugonjwa tena wa kulaumu, nilikuwa na mume. Nikamwandikia kwamba asipomleta likizo ya mwezi wa nne nitakwenda Makindu mwenyewe na barua ya daktari nikaisome kanisani kwa mama yake. Hapo akapata nauli.

Ndanu alifika amerefuka, magoti nje, meno mapya ya mbele. Nilimkumbatia akakauka kama ubao. Mwaka mmoja aliambiwa nisimguse, nilitaka nini? Kisha akaiona treni. Akakimbia mezani, akaiwasha mwenyewe, akasimama pale akitazama inavyozunguka, mgongo wake kwangu, uso ukutani. Nilikaa kitandani nikitazama kisogo chake na misuko yake na nilikuwa na furaha. Nilikaa hivyo siku nzima. Na ya pili.

Jioni ya siku ya pili Mutua akasimama mbele yangu.

"Anataka kurudi kwa Susu. Anasema humtaki."

"Nani?"

"Ndanu. Anasema anakuita, anakuuliza maneno, na wewe unamnyamazia."

Nikamwangalia. "Hukumwambia habari ya masikio niliyokueleza mwezi wa tisa?"

"Nilidhani utamwambia mwenyewe."

Miezi saba! Kila mtu alidhani mwenzake atasema. Nami nitamtukana nani, mimi mwenye "hapana" zangu tatu? Nilinyanyuka, nikashika meza upande mmoja, nikamwambia Mutua ashike wa pili. Tukaitoa ukutani, tukaiweka katikati ya chumba, hadi kupita ikawa shida. Nikamketisha Ndanu upande wa Makindu, mimi nikakaa upande wa Lodwar, njia ikapita kati yetu. Nikamwambia yote. Sindano, mluzi, honi aliyoniinulia simu, "nimesikia" yangu ya uongo. Nikamwambia sauti yake imekwenda, hakuna aliyeikataa, na kwamba akitaka nimsikie lazima nimwone mdomo.

Hakulia. Aliwasha treni. Kengele ya Akiru ilipopita mbele yake akainua uso, akafungua mdomo wazi, taratibu, kama anayemfundisha mtoto mchanga: ngri-ngri. Ikazunguka, ikarudi. Ngri-ngri. Alinitamkia kila mzunguko, hadi Mutua akatoka nje.

Kwa hiyo wewe unayeanza: siku masikio yatakapolia, sema siku hiyo hiyo, hata kama wamekuahidi dunia ukimaliza. Na meza yako usiisukume ukutani.

Tulikubaliana mimi na Ndanu kwamba akijisahau nitagonga ubao mara mbili. Mtoto ni mtoto. Baada ya muda alichoka na ngri-ngri, akageukia mlangoni walikokuwa wanapita mbuzi wa Akiru, na nikaona shavu lake likicheza. Alikuwa anasema kitu. Nikagonga mara mbili. Akageuka, akanitazama, akarudia polepole:

"Mama, nasikia njaa."

Nikainuka kumpikia.